Roketi Yenye Mlango wa Majivu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walizaliwa na hamu ya kuiona dunia, mimi nikazaliwa na hamu ya kiti. Tabia hiyo ilikuwa kichekesho cha ukoo mzima mpaka jeshi liliposhika nchi, hapo ikageuka busara: aliyekaa ndani hakuonekana, na asiyeonekana hakuchukuliwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari nikapata ukarani dukani. Duka likapewa bwana mmoja wa jeshi, akauza mali, akauza rafu, akauza hata kiti nilichokalia. Nikahamia Namuwongo kwa dada yangu, karibu na reli ileile iliyomleta baba yetu kutoka Kenya. Nikawa bingwa wa kuchambua maharagwe na kumbembeleza mtoto.

Mume wa dada alikuwa fundi wa mabati Katwe. Kwao Buganda shemeji ni mtu wa kutaniwa, na wajibu huo hakuukosa hata siku moja.

"Mulamu," alikuwa akiniita, kwa neno la kwao la shemeji, "leo umetaga mangapi?"

"Bado naatamia."

"Basi dada yako akuongezee majani."

Kazi yake ilikuwa sigiri, majiko ya mkaa. Alikata pipa kuukuu, akapiga, akakunja, na mwisho akatoboa kile kimlango cha chini cha kutolea majivu, chenye bawaba ya waya. Alikuwa amezikata nyingi hata mikono yake ikawa inafanya kazi yenyewe, yeye akipiga soga na jirani.

Siku moja dada alikuja mbio kutoka sokoni. Mumewe ananiita Katwe, askari wapo, wanataka mtu anayejua kuandika herufi nzuri. Katika ukoo wetu mzima mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitembea nikilaani kila mwalimu aliyewahi kunisifu mwandiko.

Nilimkuta afande amesimama katikati ya mapipa, kashika picha iliyokatwa gazetini. Ilikuwa roketi ya mataifa makubwa.

"Wageni nakuja," alisema. "Makamanda ya nchi rafiki. Tunafunga ushirikiano ya usalama, sisi yote pamoja. Vita ya kesho hapana ya panga. Ni hii. Wewe fundi tatengeneza."

Shemeji aliigeuza picha upande huu na upande ule. "Afande, itaruka?"

"Kwa nini naruka? Kazi yake ni kupita. Napita juu ya lori, wageni naona, nakwisha." Kisha akakielekezea kidole kibanda cha jirani. "Kama nanipa aibu, wewe nafuata yule."

Yule alikuwa fundi mwenzake shemeji, aliyetiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe. Nyundo yake ilikuwa bado chini palepale ilipomponyoka. Katwe nzima ina njaa ya chuma, msumari haulali barabarani, lakini nyundo ile hakuna aliyeiokota.

Basi tukaunda vita vya kesho. Shemeji aliunganisha mapipa kichwa kwa mkia, akayachomelea, akavika ncha ya bati la paa. Rangi ya kijani ililetwa na askari, ya magendo, haba kama sukari ya siku zile. Mimi nilipanda kibao nikaandika USALAMA WA WOTE ubavuni, kwa herufi zenye vivuli, ulimi nje kama mtoto wa shule. Sikutazama kitu kingine. Lori lilipofika na askari wakaanza kuliinua dubwana lile, ndipo nilipoona shemeji amekauka.

Pipa la chini kabisa lilikuwa na kimlango. Cha majivu. Kimekatwa vizuri, na bawaba yake.

"Mikono hii," alinong'ona akiitazama kama ya mtu mwingine. "Mulamu, mikono hii imeniua."

Rangi ilikuwa imekwisha, na askari hawangoji mtu achomelee. Aliwahi tu kukifunga kwa waya mwembamba, kisha wakampakia yeye pia, asimame karibu na roketi isije ikapinda njiani.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja nje ya maghorofa ya Bugolobi. Tulikusanywa tukapige makofi. Dada alisimama kando yangu, mtoto mgongoni, haondoi macho barabarani. Jukwaani wageni walikuwa wamekaa kwenye makochi yaliyotolewa kwenye nyumba za watu, medali zikining'inia. Mkuu mmoja alihutubu juu ya majirani kulindana. Wakati huo nyuma ya jukwaa walikuwa wanamchinja ng'ombe, nami nikamtambua kwa pembe iliyovunjika: ng'ombe wa bibi jirani yetu wa Namuwongo, aliyetugawia maziwa ya mtoto. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba. Walichokitoa tumboni walikitupa nyasini, kaloli, wale korongo wakubwa wa majalalani, wakashuka juu yake, na mmoja wa wale ndege akatembea mbele ya jukwaa na kipande kinaning'inia mdomoni, shingo wazi, hatua za taratibu, kama naye kaalikwa.

Lori likaja. Shemeji juu yake, mkono mmoja kwenye pipa. Lilipokanyaga shimo mbele ya wageni, waya ukakatika. Ka! Ka! Ka! Kimlango kikawa kinajipiga kila lori likitikisika.

Mgeni mmoja mnene alinyoosha fimbo. "Ile mlango ni ya nini?"

Lori likasimama. Afande alimtazama shemeji, na mkono wake ukashuka kiunoni. Dada alinishika kidole akakikunja mpaka nikaona nyota. Kisha nikaona jasho linamtiririka afande mwenyewe, maana naye alikuwa na mkubwa wake pale jukwaani.

"Ya pumzi, mheshimiwa," alisema. "Roketi ya kisasa napumua."

Mgeni alitafakari. Akawageukia wenzake. "Ya kwetu haina hii."

Makofi. Walipeana mikono, wakapigwa picha, ushirikiano ukafungwa hapo. Nami nilipiga makofi kwa mkono mmoja wenye vidole vizima.

Tulimngoja shemeji nyuma ya jukwaa. Askari walikosa jiko la kutosha kwa nyama ya wageni, na mmoja mwenye akili, kwa bahati mbaya walikuwa naye, akaitazama roketi. Wakamwamuru shemeji alikate pipa la chini. Wakalisimamisha, wakajaza mkaa, wakaweka wavu juu, wakafungua kimlango. Likawaka vizuri kupita sigiri zote alizowahi kuuza. Rangi ilitoa mapovu. Herufi zangu za WOTE zilichubuka moja moja zikadondokea mkaani, na moshi mweusi ukaipaka nyama. Makamanda wa nchi rafiki walikula ng'ombe wa bibi wakilamba vidole, midomo inang'aa mafuta yenye ukungu wa kijani.

Afande alimpa shemeji pande la nyama kwenye gazeti. "Fundi mzuri. Nenda nyumbani. Jumatatu natengeneza ingine. Yote na mlango."

Tulirudi kwa miguu. Nyumbani dada alilifungua gazeti, akanusa, akatoka nje. Nyama haikuwa imeonekana humo kwa muda mrefu. Aliitupa jalalani. Kaloli mmoja aliiokota, akaigeuza mdomoni, akaitema.

"Jumatatu utaenda?" alimuuliza mumewe.

"Nisipokwenda, nani atawatobolea mlango?" Alijaribu kucheka. Kisha akanitazama. "Mulamu, huko kwenye kiota chako kuna nafasi ya wawili?"

Nilimsogezea kiti changu. Alikaa, akaificha mikono yake kwapani, na mpaka Jumatatu hakuitoa ila kwa kula.