Macho Mazima ya Msomaji

Kanisani kwao, vilimani Kilungu, Mwangangi ndiye aliyesoma Neno kila Jumapili, na alisoma mpaka watoto wakaacha kuchezacheza. Mkewe Mbinya alikaa benchi la mbele akiomba mumewe asije akaishika Biblia juu chini. Maana yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mzee haoni herufi hata moja. Jioni alimsomea sura, naye akaishika yote kichwani. Ni uongo? Ndiyo, ni uongo. Lakini jamani, mtu aliyesomea kanisa tangu ujana wake utamwambiaje akae chini?

Basi mwaka wa sabini na tisa wakaja madaktari wa utafiti kutoka Nairobi na kamera kubwa. Walitaka kupiga picha damu inavyopita nyuma ya jicho, na walitaka macho mazima tu, ya wazee na vijana, wake kwa waume, wajue damu huendaje kabla ugonjwa haujaingia. Pasta Nzomo akasimama, akasema, "Tuanze na msomaji wetu." Watu wakapiga makofi. Mwangangi akacheka nao. Afanyeje?

"Sema una homa," Mbinya alimwambia walipofika nyumbani.

"Wataningoja nipone. Sikiza, wewe ndiye unafagia kanisa. Ile karatasi ya kupima macho si wameitundika huko? Niletee kichwani."

Akamletea. Ilikuwa mistari ya alama zinazoelekea huku na huku: juu, kushoto, chini. Alimfundisha kama zaburi, kwa hasira. Alitamani mzee akosee, agunduliwe, atibiwe. Na bado kila alipokosea alimsahihisha. Mapenzi nayo yana wazimu wake.

Siku ya kupimwa Mwangangi hakukosea hata alama moja, nesi akamsifu. Akatiwa dawa ya kupanua mboni, akaweka kidevu kwenye mashine. Daktari, mama mmoja wa Nyeri aitwaye Wangui, akachungulia. Akachungulia tena. Ile sindano ya rangi ya manjano, inayopita na damu ili ionekane kwenye picha, akairudisha mezani.

"Mzee, karatasi umeisomaje?"

"Kama ninavyosoma Biblia," Mwangangi alisema.

Daktari hakuelewa. Mbinya akainuka pale alipokuwa ameketi. "Nimemfundisha mimi, daktari. Haoni. Anaona watu kama vivuli tu."

Alitarajia kugombezwa. Daktari akavuta kiti, akaongea polepole. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limebakiza kidogo, na akienda Nairobi wiki hiyo kupasuliwa, hicho kidogo kingeokolewa. La kushoto lilikuwa limekwisha.

"Angekuja mapema, hilo pia lingeokolewa."

"Mapema lini?" Mbinya aliuliza.

"Hata miaka miwili iliyopita."

Mbinya akarudi kitini. Miaka miwili iliyopita Mwangangi alikuwa amevaa koti lake, tayari kwenda hospitali Machakos na kumwambia pasta amechoka kusoma. Yeye ndiye aliyemvua lile koti. Yeye ndiye aliyesema, usijiaibishe, nitakuwa nikikusomea.

Mwangangi alikuwa akipapasa hewani, akimtafuta.

"Mama Muthama," alisema, "uko wapi? Nipe mkono. Lile koti ulinivua nami nikafurahi."

Akampa mkono, akalia mbele ya daktari bila kujificha.