Mate ya Elinipendo

Elinipendo anafuga ng'ombe wa maziwa Shirimatunda. Alikuwa amechumbiwa na Ebenezeri, fundi umeme wa Moshi mjini, na kanisani walishaanza mafundisho ya ndoa. Krismasi iliyopita Hilda, dada yake Ebenezeri, alirudi kutoka Ujerumani na vifaa vya kupima DNA, zawadi kwa kila mtu. Elinipendo naye akatema mate kwenye kichupa kama wengine, huku wakicheka, akasahau.

Majibu yaliingia kwenye simu ya Hilda, maana ndiye aliyewaandikisha wote. Ya Elinipendo hakumpelekea mwenyewe. Aliwasomea kwanza mama yake na shangazi zake: huyu ana asili ya kunenepa, ni mzito wa kuamka, anaogopa kusema mbele za watu. Chini kampuni iliyopima ilikuwa imeandika kwamba hayo ni makadirio tu. Hapo Hilda hakusoma.

Mwezi wa pili mshenga alifika kwa wazazi wa Elinipendo, akazungukazunguka, mwishowe akasema wenzao wanaomba harusi isogezwe, kuna mambo wanayatazama. Elinipendo, ambaye alikuwa zizini tangu alfajiri, alimbana mzee wa watu mpaka akataja majibu ya mate.

Hakungoja kesho. Alichukua bodaboda mpaka kwao Ebenezeri, akawakuta wamekaa sebuleni. Aliwaamkia wakubwa shikamoo, maana hakulelewa vibaya, kisha akabaki amesimama.

"Hata ng'ombe," alisema, "mnunuzi huja mchana akaniuliza mimi mwenyewe. Ninyi mmenipekua nikiwa sipo."

Hilda alijitetea kwamba ulikuwa mchezo tu. Elinipendo alimuuliza Ebenezeri amejua tangu lini, naye akajibu kwa sauti ya chini kwamba tangu Januari. Siku zote hizo Ebenezeri alikuwa akija kwao Elinipendo kunywa chai.

Baadaye walimletea jani la isale, ambalo kwa Wachagga aliyekosewa akiletewa hakatai kusamehe. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema amesamehe, na harusi haipo. Mama yake alilia, akasema isale haijawahi kupokelewa hivyo.

"Nimesamehe, mama," akamjibu. "Kuolewa ni jambo jingine."

Kisha akamtaka Hilda afute majibu yale na mate yake yamwagwe. Hilda anasema ameomba, kampuni haijajibu. Elinipendo anaendelea kumwandikia Hilda. Hasira haijamtoka, wala haifichi.