Rubani Anayetafuta Mashimo ya Hewani

Mpumbavu wa siku hiyo alikuwa mwandishi wa makala haya. Tulimalize hilo mapema.

Saa sita mchana, jua la utosi. Ndege ndogo imesimama mwisho wa uwanja wa changarawe, injini inanguruma. Mwandishi, aliyekula akashiba, anatazama anga lisilo na wingu na kutamka kwa furaha: "Leo tuna bahati, hewa imetulia!"

Rubani anamtazama fundi wa mitambo. Fundi anamtazama rubani. Kisha fundi anampa mwandishi mfuko wa karatasi.

"Wa nini?"

"Wa kukipokea chakula chako kikirudi."

"Hewa ikitulia, ndugu yangu, tumekula hasara," rubani anaongeza, akikaza mkanda. "Sisi tumekuja kutikiswa."

Rubani huyu ni mama wa watoto wawili, mwepesi wa kucheka. Uwanjani wanamwita Kikombe. Jina alilipata enzi za kubeba abiria, waliposema kwamba akishika usukani, chai haimwagiki.

Huku alikohamia, sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kazi yake sasa ni kupita chini chini juu ya mashamba na kinamasi kikubwa kilicho bondeni. Mlingoti mwembamba uliochomoza puani mwa ndege unahisi kila upepo unaopanda na kushuka. Pembeni yake, mrija unavuta hewa hiyo hiyo hadi kwenye sanduku linalopima gesi zinazoongeza joto duniani.

"Ardhi inapumua," anaeleza. "Upepo unaopanda ukibeba gesi nyingi kuliko unaoshuka, kinamasi kinatoa. Ikiwa kinyume, kinameza. Bila huo msukosuko hatujui lolote."

Tatizo ni mkono wake. Rubani akipambana na upepo, ndege inazua mitikisiko yake yenyewe na vipimo vinavurugika. Wiki iliyopita ndivyo ilivyokuwa.

"Upepo ulininyanyua, nikaukandamiza bila hata kufikiri. Nikashuka najisifu, kumbe!" Anacheka. "Fundi akaniambia, 'Dada, umeipiga hewa pasi.'"

Leo hakuna kurudia. Jioni ndege inarudi kwa wenyewe, na kamati ya bonde inakaribia kuamua kama kinamasi kikaushwe kiwe mashamba. Vipimo vya mchana juu ya kinamasi ndivyo pekee vilivyobaki.

Ndiyo maana amevifunga vidole vitatu kwa plasta. Usukani ataushika kwa viwili.

"Hivi vitatu ndivyo vyenye kiherehere," anasema.

Kivulini kando ya uwanja ameketi baba yake, dereva wa lori mstaafu, na chupa ya chai. Mgongo wake uliishia kwenye barabara moja mbovu. Kabla ya safari amemsimulia mwandishi, kwa mbwembwe, siku alipowapandisha wakubwa wa barabara kwenye lori lake na kuwapitisha katika kila shimo, makusudi. "Nikawaambia, hesabuni! Walishuka wameshika viuno. Leo pale pana lami."

Ndege inapaa. Juu ya mashamba inarukaruka kama watoto kitandani. Mwandishi anaukumbatia mfuko wake.

Kisha majani mabichi ya kinamasi yanatokea, na upepo unaitupa ndege juu. Rubani anakaza taya. Vidole vilivyofungwa vinajikunja ndani ya plasta, vikitaka kazi.

"Acha," inasema kwenye vipokea sauti vya masikioni sauti ya fundi, aliyeketi nyuma akilitazama sanduku. "Acha, dada. Iache iende."

Anaiacha. Ndege inapanda, inashuka, inayumba, na yeye anatazama mbele tu, jasho likimtiririka shingoni. Wanageuza, wanapita tena. Na tena. Mfuko wa mwandishi si mtupu tena.

"Data imeingia!" fundi anapiga kelele. "Yote imeingia!"

Baada ya kutua, Kikombe anaegemea bawa. Anasema mvua zikija atatafuta ndege nyingine, apime kinamasi kikiwa kimejaa.

"Kama kinatoa, tutasema kinatoa. Kama kinameza, tutasema. Ila wasikikaushe kwa kubahatisha."

Baba yake anammiminia chai. Chai inamwagika, mkono wa binti bado unatetemeka, na mzee anapata pa kuanzia.

"Kikombe gani huyu! Wale wa ndege za abiria bado wanakuulizia, mama. Huko juu hewa ni laini, watu wanasinzia. Wewe unaiacha, unakuja kuyafuata mashimo hewani, tena kwa kupenda! Hebu niambie, nani kakuroga?"

Binti anabandua plasta taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yule yule aliyekuroga wewe, baba, siku uliyowapandisha wakubwa kwenye lori wakayahesabu."