Matuta Ndani ya Nyumba ya Mama

Ramani ya nyumba ya mama niliisoma dakika mbili, nikasaini. Ndivyo nilivyo, sina subira. Karatasi ya kwanza ilinitosha: chumba cha mama hiki, sebule hii, jiko lile pale, mlango kwa mlango. Ya pili, ile ya mkato, inaonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa panga kuanzia paa hadi msingi, nawe unaitazama kutoka ubavuni. Mchoraji wetu pale Same mjini alijaribu kunieleza. Nikamwambia, "Kaka, gari la kwetu Chome linaniacha," nikaikunja.

Na nyumba yenyewe tulikuwa tunaijenga kwa sababu ya magoti ya mama. Ile ya zamani ina ngazi kati ya chumba na jiko, na kila asubuhi alisubiri mtu wa kumshika mkono ndipo akachemshe chai yake. Mama yangu, aliyebeba mikungu ya ndizi kwenye ile milima miaka yote! Ilimuuma, nami iliniuma.

Siku ya msaragambo majirani walikuja na majembe na sururu kutuchimbia msingi, maana kwetu kazi kubwa ya mmoja ni ya wote. Baba mdogo, ndiye fundi wetu, alikuwa ameshavuta kamba kwa kufuata karatasi ya kwanza tu. Ya pili naye hakuigusa. Mama alikaa pembeni na sufuria la makande, karatasi za ramani nimemwekea mapajani zisipeperuke. Akazifunua. Ya kwanza hakuielewa. Ya pili akaikazia macho.

"Mwanangu, haya matuta yameingiaje ndani ya nyumba yangu?"

"Matuta gani tena, mama?"

Akanionyesha. Lo! Sakafu ilishuka ngazi tatu kuingia sebuleni, tatu nyingine kuingia jikoni, ikifuata mteremko kama shamba letu la tangawizi lililokatwa matuta ya ngazi. Mama hajawahi kukanyaga ofisi ya ramani, lakini matuta amelima tangu utotoni. Mimi mwalimu mzima, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Aisee, tumepatikana," akasema baba mdogo.

"Ilazeni sakafu usawa, kama tuta moja linavyolala," mama akasema. "Nani kawaambia nyumba iteremke mlima?"

Watu walicheka, na mimi nikataniwa hadi jioni. Kamba zikang'olewa. Siku ile tulisafisha kiwanja na kusomba mawe, nao wakakubali kurudi kuchimba wiki inayofuata.

Mchoraji akachora upya. Safari hii gari liliniacha kweli, nikisoma mkato. Nilipompelekea mama, aliweka kidole chumbani kwake, akakipitisha juu ya sakafu, sebuleni, hadi jikoni. Mstari mmoja, umenyooka. Akarudia tena, taratibu.

"Hapa nitapita mwenyewe," alisema, wala hakuwa ananiambia mimi.