Magodoro Yaliyotoka Bila Mnunuzi

Kiwandani walimwita Dada Taratibu, kwa sababu hakuwahi kutia saini kitu kabla ya kukisoma mpaka mwisho, hata kadi ya harusi. Alikuwa mhasibu mkuu wa kiwanda cha magodoro, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliingia pale msichana wa kupanga mafaili, na aliyemshika mkono mpaka akafika juu ni mkurugenzi, ambaye wote walimwita Mzee. Siku ya kumzika baba yake, Mzee alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hilo hakulisahau.

Mwaka ule biashara ilidorora. Kampuni ilikuwa na hisa sokoni, na wachambuzi wa soko, vijana wa tai na kompyuta, walishatabiri faida itakayopatikana. Faida halisi ilikuwa inapungua kidogo tu kufikia utabiri wao. Basi karibu na kufunga hesabu, malori yakaanza kutoka getini yamesheheni.

Dada Taratibu alifurahi, mpaka mwenye duka la jumla alipompigia simu.

"Dada yangu, mmenigeuza ghala? Magodoro yamefika mlangoni. Mteja akitaka kuingia, inabidi apande."

"Si uliagiza mwenyewe?"

"Niagize niyalalie yote mimi? Mzee wenu aliniomba niyapokee, mwezi ujao mje myachukue."

Alikata simu. Magodoro hayo yalikuwa yameshaingizwa kwenye mauzo. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee, akamkuta amevua koti, anasugua macho.

"Mzee, yale si mauzo."

"Najua, mwanangu." Wala hakukasirika. "Wale vijana wa soko wamesema faida ya bilioni kumi. Tukitoa tisa, hisa zinaporomoka, benki inaingiwa na hofu, kisha naambiwa nipunguze watu. Nianze na nani? Washonaji?"

Dada Taratibu akavuta kiti, akaketi. Wifi yake alikuwa mmoja wa washonaji hao.

"Na magodoro yakirudi?" akauliza. "Tutaanza mwezi tukiwa na pengo kubwa zaidi. Tutajaza duka la nani tena?"

Mzee alichukua koti lake, akalikunja mapajani.

"Mimi sitatia saini hesabu hizi," Dada Taratibu akasema kwa upole. "Lakini ukienda kuwaambia ukweli, tutakwenda wote. Sitakuacha peke yako."

Wakaenda. Mbele ya wachambuzi sauti ya Mzee ilikwama katikati ya sentensi, na Dada Taratibu akaidaka pale pale, akaeleza kilichopungua na sababu yake. Hisa zilishuka kabla hawajafika kwenye gari. Bodi ilimnyima Mzee marupurupu, na mwaka uliofuata ikamwomba apumzike. Washonaji walibaki wote, ila malipo ya saa za ziada yalifutwa, na wifi yake akamnunia mpaka watu wa nyumbani wakaingilia kati.

Dada Taratibu aliendelea kumtembelea Mzee nyumbani kwake. Mara ya kwanza alisitasita mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Bado sijaamua kama uliniokoa au ulinimaliza," Mzee alimwambia, akimsogezea kiti.

"Nami sijaamua, Mzee."

Mzee akacheka, akamwita mkewe aje kumsalimia mgeni.