Jirani Niliyemfuta

Merle Gatty alikuwa akisafisha zahanati ya mji wetu wa Kurrabee asubuhi, na kila Jumanne alasiri alikuja kwenye kikundi cha waandishi, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Miaka mitatu alituandikia habari za mtu yule yule: Ada, mke wa mkulima wa ngano. Mume anampiga Ada. Ada anaosha vyombo. Mume anaficha ufunguo wa gari. Ada anaosha vyombo.

Mimi ndiye niliyekifundisha kikundi, na ulimi wangu mkali mnaujua. Kanuni nilizitunga mwenyewe: mwenye hadithi anyamaze mpaka chai iletwe, na ni marufuku kumuuliza mtu kama aliyoyaandika ni ya kweli. Basi Merle alipokuja shavu limevimba, tulimjadili Ada.

Len, aliyezeeka akikata manyoya ya kondoo, alisema huyo Ada hata kondoo anamshinda, maana kondoo ukimshika angalau hurusha mateke. Tukacheka. Merle naye alicheka, mkono shavuni.

"Merle, mama," nikamwambia, "mhusika mkuu hakai tu kutendewa. Mpe Ada jambo moja la kufanya. Mimi nimemchoka."

Jumanne iliyofuata alileta kurasa tisa. Ada amefunga begi. Amemwomba jirani yake, mjane mwenye gari jeupe, ampeleke stesheni ya basi Alhamisi saa nne asubuhi, mume akiwa mnadani. Jirani anakuja, wanaondoka.

Nilifurahi kwamba Ada ameinuka, lakini yule jirani alinikera. Nilisema ni uvivu wa mwandishi huo, mtu kuibuka mwishoni kuja kumwokoa mhusika. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamfuta jirani pamoja na gari lake.

"Atembee," nikasema. "Ajiokoe mwenyewe, ndipo tutamwamini."

Merle aliniangalia. Chai ilikuwa bado, kwa hiyo hakusema kitu. Ilipoletwa alikunja kurasa zake, akauliza polepole: "Mpaka stesheni ni kilomita kumi na nne, mwalimu. Unadhani atafika?"

"Akitaka, atafika."

Alhamisi ile joto lilizidi, mnada ukavunjwa mapema. Clive, mume wa Merle, alimkuta mkewe kwenye barabara ya lami, zimebaki kilomita tatu afike stesheni. Polisi walisema gari lake halikupunguza mwendo hata kidogo. Merle tulimzika Jumanne, saa zetu zile zile za kikundi.

Mume wangu alifariki zamani, na shamba langu linapakana na la Clive. Najua Merle alipita kwangu saa nne kamili, kwa sababu nilimwona. Alisimama getini na begi, akalitazama gari langu jeupe, kisha akanitazama mimi barazani. Nilimpungia mkono, nikaendelea kusahihisha hadithi ya Len.