Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Mtu

Kwenye robine, bomba la maji la avenue yetu hapa Musonoi, kungoja maji hakuchoshi. Kinachochosha ni kusikiliza watu wakigombana nani alitangulia kuweka bidoni, dumu lake la maji. Yaya mmoja, hivyo tunamwita kila mkubwa wetu wa mtaa, aliyerudi kutoka Lubumbashi na diploma yake, bado anatafuta kazi, ndiye aliyetuletea mchezo wa kumaliza ugomvi. Anatoa hadithi fupi isiyoeleweka, halafu watu wanamuuliza maswali. Yeye anajibu ndiyo, hapana, au "haina kazi," maana yake swali halisaidii. Anayefumbua, bidoni yake inapelekwa mbele ya mstari.

Tata, yaani mzee, anayeshika ufunguo wa robine alikubali kwa sababu matusi yalipungua. Wamama walikubali kwa sababu waliona mafumbo yenyewe ni magumu, mstari hautavurugika sana.

Mimi sikuwahi kuuliza hata swali moja. Mara nyingine jibu nilikuwa nalo, nikabaki nalo mdomoni mpaka mwingine akalisema na bidoni yake ikapita yangu. Sikukasirika. Kusema mbele ya watu kunanipa joto masikioni, na maji siku zote yalinifikia mwishoni.

Jumapili ile hayakuwa na uhakika wa kunifikia. Nina blauzi moja nyeupe ya shule, na lori la madini lilikuwa limenirushia tope jekundu kuanzia kola mpaka kiunoni. Jumatatu asubuhi ulikuwa mtihani wa kemia. Prefe wetu, mkuu wa shule, anasimama langoni mwenyewe, na mwenye blauzi chafu anarudi kwao, mtihani au si mtihani. Mama alishaniambia maji yaliyobaki nyumbani ni ya kupikia, nisiyaguse. Nami nilikuwa nyuma kabisa, na tata wa robine alikuwa ameanza kuinamisha sikio kwenye bomba.

"Inaanza kukohoa," alisema. "Bale ba nyuma, mujitayarishe kurudia na bidoni mutupu."

Yaya akatoa fumbo.

"Mutu moja anaishi yeye peke yake. Kila mangaribi anatoka ku kazi, anafika ku nyumba yake. Funguo iko mu mufuko. Mu nyumba hamuna mutu. Lakini anapiga hodi, anangoja kidogo, njo anafungula. Juu ya nini anapiga hodi?"

Kijana wa taxi-moto, sisi tunawaita wewa, ndiye huwa anaanza.

"Anaogopa bezi bamuibie?"

"Hapana."

"Iko na mbwa mukali?"

"Hapana."

"Iko na kichwa muzima?"

"Muzima kukupita weye."

Watu wakacheka. Mama mmoja muuza unga wa muhogo, aliyekuwa mbele yangu, akauliza kama mtu huyo ni mlevi. Haina kazi. Akauliza kama ni mchawi. Haina kazi. Akasema basi yeye anabaki na mchawi wake.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuuona mlango huo: ulikuwa wa kwetu wa zamani. Kabla hatujahamia Musonoi tulikaa Kasulo, na baba alichimba madini ndani ya chumba cha kulala. Kitanda kilisukumwa ukutani, shimo likawa katikati. Ukikanyaga karibu na mdomo wa shimo, udongo na vijiwe vinamwangukia aliye chini. Kwa hiyo nyumbani kwetu chumba kisicho na mtu kilipigiwa hodi. Unapiga, unangoja baba asogee pembeni, halafu unaingia kuchukua nguo yako. Nilijifunza hivyo nikiwa mdogo sana, nikadhani kila nyumba ni hivyo.

Nilisema. Sijui sauti ilitoka vipi.

"Yaya, kuko batu chini ya nyumba. Banachimba. Anapiga hodi basikie, batoke ku mudomo ya shimo, udongo isibaangukie."

Mstari mzima ukageuka.

"Kumbe huyu mutoto iko na kinywa!" akasema wewa.

"Hapana," akasema yaya. "Ile haiko jibu."

Siku nyingine ningenyamaza pale pale. Lakini niliangalia maji ya robine, sasa membamba kama uzi, na nilijua blauzi iko nyumbani kwenye beseni, tope limeanza kukauka.

"Inapinga nini mu hadisi yako?" nikauliza. "Jibu ndiyo ao hapana: kuko neno inapinga?"

Yaya akafikiri, kisha akatoa jibu lake ili kumaliza maneno. Mke wa yule mtu alikufa. Zamani alikuwa akipiga hodi na mke anafungua, naye hawezi kuacha mazoea. Wamama wakaguna kwa huruma. Mimi pia nililiona ni zuri kuliko langu. Lakini uzuri haukuwa sheria ya mchezo.

"Ya huyu mutoto nayo inaingia," wewa akasema.

"Haiingie! Nilisema mu nyumba hamuna mutu."

"Chini ya nyumba haiko mu nyumba, yaya."

"Na mulango ilifungwa. Bale batu baliingilia wapi?"

Hapo hata wasiolipenda jibu langu walicheka. "Ku shimo ya jirani!" wakajibu wengi kwa pamoja. "Weye umesahau kwenu mashimo inaunganaka chini? Lubumbashi ilikupoteza."

Mstari ukagawanyika. Wengine walisema nyumba ni ukuta na mabati, kilicho chini ni udongo. Wengine walisema kama sakafu ni yangu, na shimo lake ni langu, na aliye shimoni yuko kwangu. Mama wa unga aliweka beseni chini ili apate mikono miwili ya kusemea. Tata wa robine aliacha bomba, akaja katikati yetu.

"Mutoto, kwenu mulifanyaka namna gani? Mugeni akifika kuuliza tata yako, naye iko chini mu shimo, mulijibuka nini?"

Niliangalia miguu yangu. "Nilijibuka: tata haiko ku nyumba. Alienda ku kazi."

"Na alikuwa chini ya kitanda?"

"Kando ya kitanda. Ndiyo."

Kicheko kilikuwa kirefu. Masikio yangu yaliwaka. Tata wa robine hakucheka.

"Basi, mwenye nyumba yeye mwenyewe anasema mutu wa ku shimo haiko ku nyumba," akasema. "Jibu inaingia. Muache bidoni yake ipite."

Yaya alikubali, akaniambia nimejibu vizuri, ingawa alisema pia kwamba jibu langu halina moyo. Nilibeba bidoni yangu mpaka mbele. Ndipo sote tuliona. Bidoni iliyokuwa chini ya robine ilijaa zamani. Wakati tunajadili nyumba ni nini, hakuna aliyeibadilisha, na maji yalikuwa yakimwagika mferejini.

Niliingiza yangu. Maji yalishuka kidogo, yakakohoa, yakakatika. Hayakufika hata nusu.

"Bon," akasema mama wa unga, akiokota beseni lake. "Leo tutapika mafumbo."

Hakuna aliyenilaumu kwa jina, lakini waliondoka bila kunisalimia, na njia ya kurudi niliipita peke yangu.

Nyumbani nilipima kwa macho. Maji hayakutosha blauzi nzima. Nilifua kola, mikono na mbele. Mgongo wa blauzi niliuacha ulivyo, mwekundu. Asubuhi nilivaa begi la shule juu yake na kukaza mikanda. Langoni prefe alinitazama kola, akatazama vifungo, akasema, "Pita."

Ndani niliketi benchi la nyuma kabisa, mahali ninapoketi siku zote, nikavua begi na kuuegemeza mgongo mwekundu ukutani. Niliandika kemia yangu. Wengine walipomaliza walitoka mmoja mmoja, nami nilingoja mpaka darasa lilipobaki tupu.